Picha ya mjakaranda inapiga kelele, nataka itulie kwa ajili ya kadi ya kumbukumbu ya bibi

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Moshi, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo. Bibi yetu alifariki mwaka jana na mwezi ujao tuna misa ya kumbukumbu, mimi ndo nimepewa kazi ya kadi. Kwake getini kuna mjakaranda mkubwa, jioni alikuwa anapenda kukaa chini yake. Mwanzoni mwa mwezi huu wa kumi nimepiga maua yake kwa simu, ilikuwa mchana. Maua ni mazuri lakini picha imekaa kama tangazo la sherehe. Nimeweka nyeusi na nyeupe ikawa imekufa kabisa, nimeweka filta ya bluu ikawa inatisha. Nataka mtu akiishika kadi atulie, amkumbuke bibi. Nafanyaje kwa simu tu? Na je kuibadilisha hivyo si kudanganya watu?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani kwa kuondokewa na bibi.

Picha uliyotuma nimeifungua kwenye kompyuta hapa studio Arusha nimeizumu mpaka petali moja moja, na kitu cha kwanza nachokwambia ni kwamba una picha nzuri ndani ya picha ambayo haijatulia. Kuna mashada matatu ya maua, anga la bluu kali nyuma, kona ya kushoto kipande cha bati kinang'aa, juu kulia waya wa umeme, na katikati ya matawi yale maganda bapa ya kahawia ya mbegu za msimu uliopita ambayo mjakaranda huwa hauyaachii haraka. Afu chini kushoto kuna ua moja limegeuka kuangalia kamera, linaonekana mpaka ndani ya koo lake, kule kwenye weupe, na kile kijiti chenye vinywele kinachotokeza katikati. Hilo ua moja ndo picha yako. Vingine vyote vipo kwa ajili ya kulisindikiza, na kwa sasa vinalifunika.

Watu wengi wakitaka kubadilisha mudi ya picha, yaani hisia inayompa mtu, wanakimbilia rangi. Wanataka huzuni wanaweka bluu, wanataka furaha wanaweka njano, basi. Mimi miaka yote nawaambia vijana wanaokuja kujifunza kwangu waanze na mwanga: wapi pang'ae, wapi pafifie, jicho lianzie wapi na limalizikie wapi. Ukishaupanga mwanga, nusu ya mudi imeshakuja hata kabla hujagusa rangi, na rangi yenyewe itahitaji kuguswa kidogo sana. Na kwa kadi ya kumbukumbu hatuhitaji kuongeza huzuni kwenye picha, huzuni watu watakuja nayo wenyewe. Tunachofanya ni kupunguza kelele mpaka ule upole wa ua ubaki peke yake.

Sasa kelele zimetoka wapi. Huku kwetu tuko kama digrii 3 na kitu kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana linasimama karibu kabisa juu ya utosi, yaani wakati uleule mijakaranda imechanua ndo jua liko wima kuliko karibu wakati wote wa mwaka. Mwanga ukishuka wima hivyo juu ya petali panaungua, chini pana kivuli kikali kifupi, na upande ambao ungeonyesha umbo la ua hauna kitu. Halafu simu nayo ikaongeza yake. Simu za sasa ukibonyeza mara moja zinapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, zinashusha penye mwanga sana na kunyanyua penye giza ili kila kitu kionekane. Kwa picha ya familia harusini ni jambo jema sana, lakini kwa mudi ni tatizo, kwa sababu kila kitu kikionekana sawasawa jicho halina pa kutulia.

Na ndo maana filta zako zilikataa. Filta ni kama kumwaga chumvi sufuria zima wakati kilichopoa ladha ni kipande kimoja cha nyama. Ile ya bluu ilipaka ubaridi kwenye anga, kwenye majani, kwenye bati na kwenye ua lenyewe, sasa zambarau ya mjakaranda tayari ina bluu nyingi ndani yake, ukiiongezea bluu inapoteza ule wekundu kidogo unaoifanya iwe zambarau, inabaki rangi ya baridi isiyo na uhai, ndo hiyo ukaona inatisha. Nyeusi na nyeupe nayo ilikufa kwa sababu ambayo wengi hawaijui: anga lako na maua yako yana rangi tofauti lakini ung'avu wao unakaribiana sana. Ukiondoa rangi vyote viwili vinakuwa kijivu kilekile na ua linayeyukia kwenye anga. Ukitaka kweli nyeusi na nyeupe inawezekana, ila lazima uingie pale pa kuchanganya rangi uishushe bluu iwe giza na uipandishe zambarau iwe nyeupe zaidi, hapo ua linatoka mbele. Lakini kwa bibi ambaye watu wanamkumbuka chini ya ule mti mi ningeiacha zambarau, zambarau ndo inayowarudisha pale getini kwake.

Kabla hujagusa chochote zima ile mode ya usiku ya simu, ile inayofanya skrini iwe ya njano kulinda macho, maana ukiedit ikiwa imewashwa utapoza picha kupita kiasi bila kujua. Mwangaza wa skrini weka katikati, usiuache kwenye otomatiki. Na ile picha ya mwanzo kabisa iweke nakala mahali salama, usiifungue tena, fanyia kazi nakala.

Anza na kukropu, yaani kukata kingo za picha. Toa bati, toa waya, lisogeze lile ua lililofunguka likae upande, kwenye theluthi ya chini kushoto palepale lilipo, na upande wa juu kulia uache anga tupu la kutosha. Hiyo nafasi utaihitaji kwa jina la bibi na tarehe, lakini hata bila maandishi nafasi tupu yenyewe inaleta utulivu, picha iliyojaa maua pembe hadi pembe ni ya sherehe hata ukiifanyia nini. Yale maganda ya kahawia wala usiyafute yote. Moja au mawili yakibaki yanasema huu ni mti halisi, mti wa mtu, sio picha iliyotolewa mtandaoni.

Kisha mwanga. Fungua Lightroom ya simu, apu ya kuedit picha, hii sehemu ni bure, ingia kwenye mwanga. Shusha ekspoja, yaani mwanga wa picha nzima, kidogo, kama nusu stopu hivi, yaani -0.50. Stopu moja nzima ni kupunguza mwanga ubaki nusu, usifike huko kwa picha hii. Halafu shusha hailaiti, zile sehemu zenye mwanga mkali, mpaka kwenye -60 uangalie zile petali za juu: kama mishipa yake midogo inarudi kuonekana uko salama, kama inabaki doa jeupe tupu ujue pale pameungua na hakuna slaida yoyote (zile za kutelezesha kwa kidole) duniani itakayorudisha, kwa sababu taarifa yenyewe haipo. Kwenye picha yako nimeona petali mbili tu zimeungua, zote ziko shada la juu, hilo likropu nusu. Shado, yaani sehemu za giza, usizinyanyue kabisa, simu ilishazinyanyua, wewe zishushe kama -20, acha ndani ya shada pawe na giza kidogo. Hapa wengi wanaogopa, wanaona wanapoteza maelezo. Giza kidogo katikati ya maua ndo linalofanya lile ua moja la mbele lionekane lina mwanga wake.

Nitoe mfano mwingine kidogo maana unasaidia. Wanaopanda mlima kwa njia ya Marangu wanapita msituni kabla ya kufika kituo cha Mandara, na huko kuna ua dogo jekundu lenye njano, Impatiens kilimanjari, ambalo halioti porini popote duniani isipokuwa Kilimanjaro. Naletewa sana picha zake, na karibu kila mtu amezing'arisha mpaka msitu unaonekana kama bustani ya hoteli. Lile ua uzuri wake wote ni kwamba linawaka kwenye giza la msitu wenye unyevu. Ukiling'arishia msitu umeliua. Kwako ni hivyohivyo ila kinyume chake, wewe ulipiga kwenye mwanga mwingi kwa hiyo giza inabidi ulitengeneze taratibu.

Ukimaliza slaida, nenda kwenye ule mstari wa toni unaoanzia kona ya chini kushoto unapanda mpaka kona ya juu kulia. Shika ile nukta ya chini kabisa kushoto uinyanyue kidogo sana, upana wa nusu kidole hata isifike. Utaona nyeusi inalegea, inakuwa laini kama picha ya zamani ya albamu. Hiki kitu kimoja kinaleta kumbukumbu kuliko filta zote. Ila usinogewe. Kwenye skrini inapendeza, ukiprinti inageuka vumbi la kijivu juu ya kadi nzima.

Sasa ndo tunakuja kwenye rangi, na hapa tuliza mkono. Ukiingia kwenye waiti balansi, pale pa kupanga joto na ubaridi wa rangi, utaona slaida ya joto ina namba za -100 mpaka +100. Zikiwa hivyo ujue picha ni JPEG, faili la kawaida lililobanwa, ingekuwa RAW, faili ghafi la kamera, ungeona namba za kelvini, 5500 na kuendelea huko. Maana yake ni kwamba una nafasi ndogo ya kucheza: JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, wakati RAW ya kamera yenye biti 12 ina ngazi 4,096, kwa hiyo ukivuta sana anga litaanza kukatika vipande vipande vya mistari. Ongeza joto +5, +8 basi. Ukienda +30 ile njano inaanza kupigana na zambarau, kwa sababu njano na bluu zinafutana, na ua linageuka rangi ya matope. Nimeona kadi nyingi sana za hivyo, mtu alitaka mwanga wa jioni akapata maua yaliyonyauka. Badala yake chukua slaida ya tinti, ile inayosogeza rangi kati ya kijani na pinki, isogeze upande wa pinki kama +6. Simu huwa inaipeleka mjakaranda kwenye bluu, hiyo tinti kidogo inairudisha kwenye zambarau uliyoiona kwa macho yako.

Baada ya hapo fungua pale pa kuchanganya rangi, zile duara nane. Gusa njano na kijani, shusha sachuresheni yake, yaani ukali wa rangi, -35 hivi, na ung'avu wake -15. Majani machanga ya mjakaranda yanayotoka pamoja na maua yana kijani cha limao kinachovuta jicho vibaya, na asilimia kubwa ya ule "usherehe" unaoulalamikia umetokea pale, wala haujatokea kwenye maua. Fanya hivyo tu kisha iweke simu chini ukanywe chai, urudi uiangalie upya, utashangaa.

Anga ndo mtego. Utatamani kuishusha bluu mpaka anga liwe kijivu cha mawingu. Ishushe, lakini kidogo kidogo, na kila ukishusha zumu ukingo wa petali moja mpaka uone pikseli. Ile zambarau ukingoni ni nyembamba, mwanga wa anga unapita ndani yake, simu inaihesabu kama bluu, kwa hiyo ukishusha bluu unaifuta na petali. Utaona uzi mweupe au wa kijivu unalizunguka ua lote. Ukiuona tu huo uzi rudi nyuma mpaka upotee. Kwenye picha yako nilipojaribu nilifika -25 ya sachuresheni nikasimama hapo. Anga limebaki na bluu yake lakini halipigi kelele tena, linafanana na anga la saa moja asubuhi.

Klariti, ile ya kukaza au kulainisha picha, iweke -10, inalainisha bila kufuta. Usitumie ile ya kufanya mandhari ya nyuma yawe ukungu ukungu, simu haijui kukata vijitawi vya mjakaranda, itakula nusu ya maua.

Hapo isevu kwa kiwango cha juu kabisa cha ubora uihamishie Snapseed, apu nyingine ya kuedit, nayo ni bure, kwa sababu kuedit eneo mojamoja kwenye Lightroom ya simu ni kwa wanaolipia. Ndani ya Snapseed kuna kile kifaa cha kuweka nukta. Weka nukta kwenye lile ua lako, bana kwa vidole viwili mpaka duara litoshe ua hilo tu, telezesha kuongeza ung'avu +12. Weka nukta nyingine kwenye shada la nyuma, shusha ung'avu -20. Nyingine kwenye majani, vivyo hivyo. Hiki kifaa kinachagua rangi zinazofanana ndani ya duara kwa hiyo hakichafui anga. Nukta tatu zinatosha. Mimi hii hatua ndo naipenda kuliko zote aisee, maana ni hapa ambapo unaliambia jicho la mgeni anzia huku, pumzika hapa. Usiweke ule weusi wa kuzunguka pembe zote nne, unaonekana haraka na kila mtu ameshauchoka, hizo nukta zimeshaifanya kazi hiyo kwa upole zaidi.

Umeuliza kama ni kudanganya. Nimefurahi umeuliza, wengi hawaulizi. Kwangu mpaka uko hivi: kuuambia mwanga ukae vizuri si uongo, kwa sababu ule mti umeshawahi kuwa hivyo. Asubuhi ya mawingu unakuwa hivyo, jioni bibi akiwa amekaa pale ulikuwa hivyo, wewe ulifika tu saa ambayo haikuwa yake. Lakini kuweka ukungu ambao haukuwepo, kupandikiza jua la machweo kutoka kwenye apu, au kugeuza maua yawe ya pinki kwa sababu ndo inapendeza, hapo umeshatoka kwenye mti wa bibi umeingia kwenye mti wa mtu mwingine. Watoto wake na majirani wameuona ule mti miaka mingi, watajua. Nawe ukiishika hiyo kadi utajua. Kama picha ingekuwa ya gazeti au ya mashindano ya picha za asili ningekubana zaidi ya hapa, ila kwa kadi ya familia huo mpaka unatosha.

Na kama mti bado una maua, nenda kapige tena hata kama umeshaedit. Nenda mapema, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja asubuhi, au siku yenye mawingu wakati wowote. Mvua za vuli zikianza ni bora zaidi, maua yakidondoka chini ya mti yakiwa na maji hiyo zulia huhitaji kuiedit hata kidogo. Gusa skrini kwenye ua, ushushe mwanga palepale kabla ya kubonyeza. Kama simu yako ina RAW iwashe. Piga na kile kiti au jiwe alilokuwa anakalia likiwepo pembeni, si lazima uitumie kwenye kadi, ni ya kwenu kubaki nayo.

Mwisho kuprinti, na hapa ndo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Zambarau ni rangi ngumu sana kwa printa, skrini inatoa mwanga wakati karatasi inategemea wino wa samawati na majenta kuchanganyika, haiwezi kuwaka vile. Kwa hiyo tegemea itapoa kidogo na itakuwa na giza kidogo zaidi, ongeza ekspoja +0.20 kwenye nakala ya kuprinti tu. Kadi ya A6 kwa nukta 300 kwa inchi inataka picha isiyopungua pikseli 1240 kwa 1748, ukikropu usishuke chini ya hapo. Wape kwa flashi, au ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na ule ulaini wa anga uliouhangaikia unakatika mistari. Chagua karatasi isiyong'aa. Na waombe wakutolee moja kwanza kabla ya zote, utoke nayo nje ya duka uiangalie kwenye mwanga wa kawaida, taa za dukani zinadanganya. Ukikuta zambarau imeenda kwenye bluu usiruhusu waendelee, rudi kwenye tinti ongeza +4 waprinti moja tena.

Ukishafika kwenye hatua ya zile nukta tatu nitumie ile ya mwanzo na uliyoifanyia kazi, zote kama dokumenti, niangalie ukingo wa petali kabla hujaipeleka dukani.